MAJI YANAYOPOTEA KWA SIRI
Namna ya kulitafuta bomba linalovuja nyumbani

Wahenga walisema, "Bandu bandu huisha gogo." Ndivyo yaishavyo pia maji ya mtu ambaye bomba lake limetoboka ndani ya ukuta au chini ya sakafu, naye hana habari. Mfereji udondoshao tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku. Lakini mfereji huonekana, na mwenye nyumba huweza kuutengeneza. Hasara kubwa ni ile isiyoonekana. Tundu dogo lipotezalo lita 10 kwa saa hupoteza lita 7,200 kwa siku 30, yaani mitungi 360 ya lita 20. Na yote hulipiwa.

DALILI ZAKE. Malipo ya maji hupanda ingawa watu wa nyumbani hawakuongezeka. Rangi ya ukuta huvimba na kubambuka mahali pale pale. Sakafu huwa na unyevu usiokauka. Wakati wa kiangazi nyasi za mahali pamoja uani hubaki mbichi, hali nyingine zimekauka. Mtu aonaye mojawapo ya dalili hizi asikimbilie kuvunja sakafu, bali afanye kwanza majaribio yafuatayo.

KWANZA, MITA. Jaribio hili hufanywa siku ambayo maji yanakuja. Ikiwa nyumba ina tangi juu ya paa, koki iingizayo maji tangini ifungwe, maana tangi linapojaa mita huzunguka hata kama hakuna bomba linalovuja. Mifereji yote ifungwe, kisha tarakimu za mita ziandikwe, pamoja na zile nyekundu ambazo katika mita nyingi huonyesha kiasi kidogo kidogo cha maji. Mtu yeyote asitumie maji kwa muda wa saa mbili. Tarakimu zikiwa zimebadilika, maji yanapotea baada ya kupita mita.

PILI, TANGI. Jioni, koki ile ile ifungwe tena, na kina cha maji ya tangini kipimwe kwa fimbo kavu iliyotiwa alama ya chaki. Asubuhi, kabla mtu hajatumia maji, kipimwe tena. Kikiwa kimepungua, usiku wa pili ifungwe pia koki itoayo maji tangini. Maji yakipungua hata hivyo, tangi lenyewe linavuja. Yasipopungua, kasoro imo katika mabomba au vyombo vya ndani ya nyumba.

TATU, CHOO. Rangi kidogo ya chakula itiwe katika tangi la choo, na choo kisivutwe kwa nusu saa. Rangi ikionekana chini bakulini, mpira uzuiao maji umechakaa.

NNE, SIKIO. Usiku wa manane, nyumba inapotulia, ncha moja ya fimbo ngumu iwekwe juu ya bomba na sikio kwenye ncha ya pili. Maji yapenyayo tunduni hutoa mvumo, nao huzidi kadiri mtu akaribiavyo mahali palipotoboka.

HATARI ILIYO KUBWA KULIKO MALIPO. Katika miji mingi maji hufunguliwa kwa zamu. Maji yakija kwa nguvu, hutoka tunduni. Yakikatwa, bomba hubaki tupu na huweza kuvuta ndani maji machafu ya udongoni. Ikiwa karibu na hapo pana shimo la choo au bomba la maji taka, vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo huweza kuingia pamoja nayo. Hivyo tundu lile lile litoalo fedha mfukoni mwa baba huweza kuingiza maradhi katika kikombe cha mtoto. Maji yanaporudi baada ya kukatwa, yale ya kwanza yasinywewe, na yale yafuatayo yachemshwe, hata yakionekana safi.

Bomba lililovuja kabla ya kufika mita ni kazi ya kampuni ya maji, nayo ipewe habari mara moja. Lililovuja baada ya mita ni juu ya mwenye nyumba, na mpangaji amjulishe bila kukawia. Fundi akimaliza kazi, jaribio la mita lirudiwe mbele yake kabla hajalipwa.

Maji mengi yanywewayo Nairobi husafiri kutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a. Ni hasara kubwa maji yaliyotoka mbali hivyo yapotee hatua chache tu kutoka jikoni, kwa kuwa hakuna aliyejitolea kwa saa mbili kuitazama mita.