Stima ya Pikipiki Kuukuu

Mjomba hubeba maziwa kwa pikipiki kabla hakujapambazuka. Taa ikizimika njiani, huo ni msiba. Mimi huanzia kwenye betri. Betri nzima ya volti 12 iliyotulia husoma kama 12.6 kwenye mita; ikiwa chini ya 12, ichajiwe kwanza. Halafu fyuzi. Ikiwa imeungua, tafuta waya uliochunika ukagusa chuma, hasa shingoni, pale usukani unapozikunja nyaya kila siku. Wako wanaofunga karatasi ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi! Hao wanataka moto tu.

Lakini ugonjwa mkubwa wa pikipiki zee ni waya wa ardhi, ule unaorudisha stima betrini kupitia fremu. Kutu huuziba. Ukiwasha indiketa na taa ya nyuma nayo ikakonyeza, shuku huo. Chukua waya mzima, unganisha ncha hasi ya betri na chuma cha tundu la taa hiyo. Ikichangamka, mwizi umemshika. Fungua nati, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza tena. Mjomba alikuwa keshatenga pesa za betri mpya!

Bado betri inakwisha? Injini ikivuma, mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, kagua rektifaya na koili za chaji.