Kadi za kumfundishia mtoto: Mwalimu ni mzazi, si kadi



Ndugu Waislamu, kadi za picha na herufi zimekuwa bidhaa ya kawaida katika miji yetu, Mtwara ikiwemo. Wazazi wengi wanazinunua wakitaraji mtoto atajua kusoma hata kabla hajaacha ziwa. Nia hiyo ni njema, kwani dini yetu imeanza na amri ya kusoma. Lakini nia njema huhitaji elimu. Tujiulize: katika umri huo mdogo, ni nani hasa anayemfundisha mtoto, kadi au mzazi?

Mmoja wa walioeneza jambo hili ni Mmarekani Glenn Doman, ambaye mwaka 1964 alitoa kitabu cha kuwafundisha watoto wachanga kusoma. Njia yake ni kumwonyesha mtoto kadi zenye maneno makubwa, harakaharaka, mara kadhaa kwa siku. Baadaye wafanyabiashara wakaongeza video, wakadai kuwa hata mtoto wa miezi tisa anaweza kusoma. Mwaka 2012 tume ya serikali ya Marekani inayowalinda wanunuzi iliwashitaki wauzaji wa programu ya Your Baby Can Read kwa kutangaza mambo wasiyoweza kuyathibitisha. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Susan Neuman walitoa matokeo ya utafiti juu ya watoto 117 wa umri wa miezi 9 hadi 18. Baada ya miezi saba ya kutumia programu ya aina hiyo, katika vipimo 14 hapakuwa na tofauti kati yao na wenzao wasioitumia, isipokuwa katika kipimo kimoja tu: wazazi wao waliamini kuwa watoto wamejifunza!

Je, tuzitupe kadi? Hapana. Tatizo ni kuigeuza kadi kuwa mwalimu.

Tuzingatie Qur'an. Katika Surat An-Nahl (16:78) Allah (s.w.) anatukumbusha kuwa alitutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui chochote, akatupa masikio, macho na nyoyo. Masikio yametajwa kwanza, na wataalamu nao wanatuambia kuwa mtoto huanza kusikia angali tumboni. Katika Surat Al-Baqarah (2:31) tunasoma kuwa Nabii Adam (a.s.) alifundishwa majina ya vitu. Basi somo la kwanza la mtoto ni kusikia majina ya vitu kutoka kwa mtu anayempenda.

Tazameni pia mwendo wa Mtume (s.a.w.). Katika hadithi mashuhuri ya Bukhari na Muslim, alikuwa akimtania Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), kwa kumuuliza habari za kindege chake. Alianza na kile ambacho mtoto mwenyewe anakipenda, akamuuliza kwa maneno mepesi yenye vina. Huo ndio ufundishaji.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunao mfano. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa walitaka watoto wao wadogo waandaliwe vyema kwa shule bila kupoteza dini yao. Kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, na kwa juhudi za mwalimu Bi Swafiya Said, zikaanzishwa shule za awali za madrasa, zikafika Zanzibar na Uganda. Vifaa vyake vingi vilitengenezwa kwa vitu vya mazingira yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto wa shule hizo walipiga hatua kubwa zaidi kuliko wenzao wa shule nyingine za awali.

Sasa tufanye nini majumbani?

Kwanza, miezi sita ya mwanzo mtoto hahitaji kadi. Mtoto aliyezaliwa karibuni huona vizuri kitu kilicho umbali wa takriban sentimeta 20 hadi 30, ambao ndio umbali wa uso wa mama anayenyonyesha. Zungumza naye, msomee Qur'an, na akitoa sauti mjibu.

Pili, kitu kitangulie picha. Mtoto wa Mikindani au Msimbati ana kaa, pweza, ngalawa, mikoko na minazi. Ashike, anuse, asikie jina, ndipo aonyeshwe picha. Kadi ya tufaha na theluji haimwambii kitu. Lakini tahadhari: korosho mbichi yenye ganda isiwe kitu cha kuchezea, mafuta yake yanaunguza ngozi, na vitu vidogo vinaweza kumkaba.

Tatu, tengeneza mwenyewe. Kata boksi, chora kwa kalamu nene. Kadi tatu zinatosha kuanzia, kwa dakika chache. Akigeuza uso, somo limekwisha.

Nne, tumia lugha unayoimudu, Kiswahili, Kimakonde au Kiyao. Kiingereza cha kubabaisha hakimjengi mtoto.

Tano, herufi zingoje hadi miaka mitatu au minne. Hapo anza na a, e, i, o, u, na alifu, bee, tee, moja moja, kama wazee wetu walivyofanya kwa ubao wa chuoni.

Sita, simu isishike nafasi yako. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kuwa mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa.

Ama picha za viumbe wenye roho, wanazuoni wamehitilafiana. Wengi wameruhusu vya kuchezea watoto kwa kuwa Bi Aisha (r.a.) alicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Asiyetulia moyo achore dau, mnazi na nyota.

Mwisho, tuache kuwapiga na kuwafokea watoto wa miaka miwili kwa sababu ya herufi. Hata swala, nguzo ya dini, tumeagizwa kuwaamrisha wakifika miaka saba. Na akina baba, kununua kadi hakukuondolei dhima. Rudi nyumbani mapema, keti mkekani, mwambie mwanao jina la kile anachokinyooshea kidole.