Viini vya Mdomoni Navyo Huzoea Dawa



Kila mfugaji anajua jambo hili. Ukiogesha ng'ombe kwa dawa iliyotiwa maji mengi kupita kiasi, kupe hawafi wote. Wale dhaifu wanakufa, wale sugu wanabaki na kuzaa. Baada ya muda unanunua dawa ile ile kwa pesa nyingi, na kupe wanakuangalia tu. Viini vya mdomoni navyo vina tabia hiyo hiyo. Kuna watu wananunua dawa ya kusukutua chupa baada ya chupa, kumbe fizi bado zinatoa damu.

Viini vinakaa wapi?

Wataalamu wamekuta aina zaidi ya 700 za bakteria katika midomo ya watu. Nyingi hazina madhara. Hukaa pamoja ndani ya ukoga, ule utando unaonata kwenye meno. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliandika mwaka 1683 jinsi alivyoviona kwa hadubini yake. Alijaribu pia kusukutua kwa siki kali. Akaona viini vilivyokufa ni vile vya juu juu tu; vya ndani ya ukoga vilikuwa vizima. Ukoga ni kama nyumba: mvua hupiga paa, waliomo ndani hawalowi.

Dawa yenyewe

Dawa ya kusukutua inayojulikana zaidi kwa madaktari wa meno ni klorheksidini. Mwaka 1970 Harald Löe na mwenzake walionyesha kwamba kusukutua mara mbili kwa siku kwa dawa hiyo ya asilimia 0.2 huzuia ukoga. Dawa hunata kwenye ngozi ya kiini na kuitoboa. Ni dawa nzuri, lakini si ya kila siku mwaka mzima. Ukiizidisha, meno hupata madoa ya kahawia na chakula hupoteza ladha.

Viini hujikinga vipi?

1. Dawa ikiwa hafifu, vilivyo sugu hubaki na kuzaana.
2. Vingine hubadilisha ngozi yao, dawa ikakosa pa kunata.
3. Vingine vina kama pampu ndogo ya kutoa dawa nje, kama mtu anayechota maji katika mtumbwi unaovuja.
4. Vingine huongeza ukoga na kujificha humo.

Katika maabara, viini vikipewa dawa kidogo kidogo mara nyingi, baadhi huhitaji kipimo kikubwa zaidi ndipo vizuiwe. Jambo la kutisha zaidi ni hili: mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walieleza kuwa bakteria aina ya Klebsiella, iliyozoeshwa klorheksidini katika maabara, iliweza pia kustahimili kolistini. Hiyo ni dawa ambayo hospitali huiweka akiba kwa wagonjwa mahututi, nyingine zikishindwa. Tena klorheksidini yenyewe hupakwa kitovu cha mtoto mchanga kuzuia maambukizi. Kwa hivyo jamani, si habari ya meno peke yake.

Tufanye nini?

- Vunja nyumba ya viini kwanza. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Mswaki wa mti unafaa pia, ukisugua taratibu mpaka kwenye fizi.
- Sukutua kwa klorheksidini ukiandikiwa na daktari, kwa siku alizosema, kisha acha.
- Usiongeze maji ili chupa idumu, isipokuwa umeelekezwa. Dawa nusu ni shule ya viini.
- Dawa ya meno yenye povu hupunguza nguvu ya klorheksidini. Ukishapiga mswaki, suuza kwa maji, ngoja angalau nusu saa, ndipo usukutue.
- Fizi zikiendelea kutoa damu, au jino likilegea, usinunue chupa nyingine. Enda kliniki ya meno. Ukoga uliokuwa mgumu kama jiwe hautoki kwa kusukutua, lazima ukwanguliwe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni dawa gani nyingine hapa kwetu tunazitumia nusu nusu: za mifugo, za mimea, za watoto?
2. Pesa ya chupa moja ya dawa ya kusukutua ingenunua miswaki mingapi?
3. Nani atawafundisha watoto wetu kupiga mswaki, na tutaanza lini?