Rangi za Taa za Dashibodi

Dashibodi ni ule ubao ulio mbele ya dereva, wenye mita ya mwendo na geji ya mafuta. Usiku huwaka ili dereva aweze kuusoma.

Je, rangi yake yaweza kubadilishwa? Naam. Katika magari ya zamani fundi hufungua ubao, hutoa balbu ndogo za ndani, hutia za rangi nyingine. Mwaka 2005 gari la Kimarekani, Ford Mustang, liliuzwa na kitufe cha kuchagulia rangi: ati rangi 125! Sisi twaona zimezidi.

Lakini rangi si pambo tu. Buluu kali huyachosha macho gizani. Dereva akirudi kutazama barabara, mtu au ng'ombe hamwoni upesi. Nyekundu hafifu haiyasumbui sana. Basi ubao wote ukiwa mwekundu, taa ya hatari itaonekanaje? Taa nyekundu ya oili ikiwaka maana yake ni simama, zima injini sasa hivi. Ya manjano maana yake gari likaguliwe mapema. Hizo zisiguswe kabisa. Mwambie fundi kabla hajashika bisibisi.