Kuandika Upya CSS ya Tovuti Bila Kuibomoa

Faili la CSS huchafuka polepole. Wa kwanza huandika kanuni chache zinazoeleweka. Wa pili anataka kitufe kiwe cha kijani, kanuni yake haishiki, anaongeza `!important`. Wa tatu anataka kukirudisha kwenye kahawia. Naye anaongeza `!important` yake, chini zaidi. Faili la nyumba moja ya wageni hapa Butiama, inayopokea watu wanaokuja Mwitongo kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere, lilikuwa limefika huko.

Mgeni haoni msimbo, lakini huumia nao. Kwa kawaida kivinjari hakichori ukurasa mpaka kimalize kupakua na kusoma CSS iliyotajwa kwenye kichwa chake. Mtu yuko kwenye basi kutoka Mwanza, bando linakaribia kuisha, anachotaka ni namba ya simu ya mapokezi tu, na mbele yake kuna skrini nyeupe. Kwa ajili ya mtu huyo nilipendekeza tuandike upya, tuache viraka.

Sehemu kubwa ya uchafu wa mafaili ya zamani ina sababu ya kihistoria. Håkon Wium Lie alipendekeza CSS mwaka 1994 akiwa CERN, na toleo la kwanza likaidhinishwa Desemba 1996, lakini kwa miaka mingi lugha hiyo haikuwa na njia nzuri ya kupanga ukurasa. Watengenezaji walitumia `float`, iliyokusudiwa kuzungushia picha maandishi, kujengea safu nzima. Gridi iliingia kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2017. Hila za zamani zilibaki humo humo.

Kazi ianzie kwenye HTML. Faili la zamani lisifunguliwe kwanza, kwani ukilisoma utaanza kulinakili. Orodhesha vipande vinavyoonekana: menyu, kadi ya chumba, bei, fomu ya kuhifadhi chumba. Piga picha ya kila ukurasa kwenye simu ndogo na kwenye kompyuta; baadaye zitakuonyesha kilichohama. Kisha kusanya rangi. Mara nyingi utakuta kahawia nyingi zinazokaribiana, zilizokisiwa kwa macho na watu tofauti. Chagua moja, uipe jina kama `--rangi-kuu`, na kila kanuni iite jina hilo. Klasi nazo zipewe majina ya Kiswahili, `.kadi` au `.bei`, ili atakayerithi kazi aelewe bila kuuliza.

Sehemu inayohitaji umakini zaidi ni matabaka. Tangu 2022 vivinjari vikubwa vinaielewa `@layer`, na hapo ndipo kuandika upya kulipoacha kuwa kazi ya kubahatisha. Juu kabisa andika mpangilio:

`@layer zamani, msingi, vipande;`

Faili la zamani liingizwe kwenye tabaka la `zamani`. Kanuni ya tabaka la baadaye huishinda ya tabaka la mwanzo, hata kama ya mwanzo imetumia kitambulisho na yako ni klasi moja tu. Tovuti inaendelea kufanya kazi huku wewe ukibadilisha kipande kimoja kimoja.

Kuna mtego, na wengi hunasa. Kwa `!important` mpangilio hugeuka: tabaka la mwanzo ndilo linaloshinda. Kwa hiyo zifute zote kwenye faili la zamani kabla ya kuliingiza, kisha ulinganishe na zile picha. Pia kanuni ya kawaida iliyo nje ya matabaka yote huzishinda za kawaida zilizo ndani, na programu-jalizi ya kuhifadhi vyumba huleta CSS yake kwa njia hiyo. Nayo itafutiwe tabaka lake.

Zana za Chrome zina sehemu ya Coverage inayoonyesha kanuni ambazo hazijatumika. Inasaidia sana, ila isiaminiwe kwa ukurasa mmoja: menyu ambayo hujaifungua na ujumbe wa kosa wa fomu vitahesabiwa kuwa havitumiki. Pita kurasa zote, fungua kila kitu, jaza fomu vibaya makusudi, ndipo ufute.

Tabaka la `zamani` huondolewa ukurasa baada ya ukurasa. Anza na historia ya nyumba na picha za mazingira, ambako kosa dogo halimzuii mtu. Fomu ya kuhifadhi chumba iwe ya mwisho, tena isiguswe siku zinazokaribia Oktoba 14, wakati wageni wa kumbukumbu ya Mwalimu wanapotafuta mahali pa kulala.