Programu ni ya bure, lakini till ni yako: somo kwa anayetengenezewa tovuti ya kuuzia

Tuseme una duka la asali na makadamia mjini Embu. Wateja wako wengi wako Nairobi na mnazungumza kwa WhatsApp. Kutwa nzima simu haitulii: bei ni gani, nitume pesa wapi, mzigo umetoka? Halafu kijana mmoja aliyemaliza chuo anakuambia anaweza kukutengenezea tovuti. Mteja atachagua kitu mwenyewe na kulipa kwa simu, na wewe kazi yako itakuwa kufunga mzigo na kuupeleka stejini.

Ni wazo zuri, na wenye biashara wengi kuanzia Runyenjes hadi Maua wameanza kulifikiria. Lakini kabla ya kutoa pesa kuna mazungumzo ambayo ni lazima wewe na fundi wako myafanye. Mara nyingi huanza hivi:

— Mama, tovuti yako nitaijenga na WordPress. Programu yenyewe ni ya bure.
— Kama ni ya bure, kijana wangu, mbona unaniitisha pesa?

Swali hilo usilionee aibu. Wewe na fundi mkilijibu vizuri, mambo mengine yote yatakuwa wazi.

Ni nini hasa kilicho bure?

WordPress ilitoka mara ya kwanza mwezi Mei 2003, karibu miaka minne kabla ya M-Pesa kuanza hapa Kenya. Walioianzisha ni Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaitumia. Leseni yake inampa mtu yeyote ruhusa ya kuitumia, kuifungua aone inavyofanya kazi, kuibadilisha na kuwagawia wengine. Hakuna kampuni inayokutoza pesa ndiyo uitumie.

Ukitaka kuielewa, fikiria mradi wa maji wa kijiji. Watu wamechimba mtaro pamoja, kila mmoja na jembe lake, na maji ni ya wote. Lakini bomba la kutoka pale mtaroni hadi kwako nyumbani unanunua mwenyewe, na fundi wa kulitandaza unamlipa. Kwa tovuti, vitu vya kulipia ni vitatu:

1. Jina la tovuti, ambalo wengi huliita domeini, kama yale yanayoishia na .co.ke. Unalilipia kila mwaka.
2. Mahali tovuti inapokaa, yaani nafasi kwenye kompyuta inayowaka usiku na mchana ili mteja aifungue saa yoyote. Hapa unalipa kwa mwezi au kwa mwaka.
3. Kazi ya fundi: kuipanga, kuweka picha na bei, kuunganisha malipo, na kuitunza baadaye.

Mwambie fundi akuandikie vitu hivi vitatu kila kimoja na bei yake. Ukipewa bei moja tu ya jumla, hutajua mwaka ujao unadaiwa nini.

Jina limesajiliwa kwa nani?

Hapa ndipo wengi huumia. Fundi analipia jina kwa akaunti yake na barua pepe yake, si kwa ubaya, ni kwa haraka tu. Mwaka unaofuata amepata kazi Mombasa na amebadilisha namba. Ujumbe wa kukumbusha kulipia jina unafika kwenye barua pepe ambayo huioni. Jina linaisha muda, tovuti inazimika, na mteja anadhani umefunga biashara. Likiachiliwa, mtu mwingine anaweza kulichukua.

Majina yote ya .ke yanasimamiwa na KENIC, na huuzwa na kampuni zilizoidhinishwa. Fungua akaunti kwa kampuni hiyo wewe mwenyewe, kwa barua pepe yako na namba yako ya simu, hata kama fundi ndiye anakuelekeza pa kubonyeza. Fanya hivyo hivyo kwa mahali tovuti inapokaa. Ndani ya WordPress, wewe uwe admini, na fundi awe na akaunti yake tofauti. Siku mkiachana, unaondoa akaunti yake na kazi inaendelea.

Pesa zitaingia wapi?

WordPress pekee si duka. Ili iuze, huongezewa kipande kinachoitwa plagini. Kinachotumika sana kwa maduka ni WooCommerce, kilichotolewa mwaka 2011 na kampuni iliyoanzia Cape Town, Afrika Kusini. Nacho pia ni cha bure. Juu yake fundi huweka plagini nyingine ya kuunganisha malipo ya simu. Kuna njia mbili.

*Njia ya kwanza: mteja analipa mwenyewe.* Ukurasa unaonyesha namba yako ya till. Mteja analipa, kisha anaandika ile kodi ya muamala kwenye tovuti. Njia hii ni rahisi kuanza nayo, lakini tovuti haijui kama kodi ni ya kweli. Mtu anaweza kuandika herufi zozote, au kukutumia skrinishoti aliyoitengeneza. Usifunge mzigo kwa sababu ya skrinishoti. Angalia taarifa ya till yako mwenyewe: kodi ni ile ile? Kiasi ni kile kile? Imeshatumika kwa oda nyingine?

*Njia ya pili: tovuti inamwitisha mteja malipo.* Akibonyeza "lipa", dirisha linajitokeza kwa simu yake likionyesha jina la biashara na kiasi, naye anaweka PIN. Baada ya hapo mfumo wa malipo unaiarifu tovuti moja kwa moja kwamba pesa zimeingia. Katika WooCommerce, oda ambayo haijalipwa huonyesha inasubiri malipo. Ikishalipwa hubadilika na kuonyesha inashughulikiwa. Kila siku jioni linganisha oda zilizolipwa na taarifa ya till. Hesabu zikikataa, simamisha mizigo hadi ujue sababu.

Njia hii ya pili inahitaji funguo za siri zinazoiruhusu tovuti kuzungumza na mfumo wa malipo. Hizo si PIN, lakini zitunze kama PIN. Hakikisha pia anwani ya tovuti yako inaanza na https. Kuhusu funguo, mazungumzo yawe hivi:

— Mama, nipe neno la siri la akaunti ya till niunganishe haraka.
— La hasha, kijana wangu. Njoo dukani, nitaingia mwenyewe, uniambie pa kubonyeza.

Fundi mwaminifu hatakasirika, kwa sababu hata yeye inamlinda. Pesa zikipotea kesho, hakuna atakayemnyoshea kidole. Mkimaliza mkataba, omba funguo zibadilishwe.

Plagini ya bei ya mteremko

Baadhi ya plagini ni za kulipia. Ukitafuta kwenye intaneti utapata mahali zinapogawiwa bure baada ya mtu kuzivunja kufuli. Tatizo ni kwamba hujui aliyevunja kufuli ameacha nini ndani. Mistari michache iliyofichwa inaweza kubadilisha namba ya till inayoonekana kwa mteja ikawa ya mtu mwingine. Duka litaonekana sawa kabisa, wateja watalipa, na wewe utakaa ukishangaa kwa nini hakuna oda. Pesa zikishaingia till ya mtu mwingine, kuzirudisha si kazi ndogo.

Kwa hivyo plagini zitoke kwenye hifadhi rasmi ya WordPress au kwa aliyezitengeneza. Zisasishwe kila toleo jipya linapotoka, kwa sababu matoleo hayo mara nyingi huziba mianya ya usalama. Kabla ya kusasisha, wekeni nakala ya akiba ya tovuti nzima, ikae mahali tofauti.

Na kila wiki fanya jaribio hili: weka bidhaa ya majaribio ya bob 10, chukua simu nyingine, jinunulie. Kabla ya kuweka PIN, soma jina la biashara. Ni lako? Lipa, kisha uone kama shilingi hizo 10 zimefika kwa till. Ukiona jina usilolijua, usilipe. Funga malipo kwenye tovuti na utupigie mara moja.

Ukikwama, uliza, lakini chunga unachosema

Uzuri wa programu huria ni kwamba kuna watu wanaoijali bila kulipwa. Wanajibu maswali mtandaoni, wanatafsiri WordPress kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na mikutano yao inayoitwa WordCamp imefanyika Nairobi na Kampala. Fundi wako akishindwa, au akipotea, unaweza kupata msaada kwa watu hawa, na pia unaweza kumpa fundi mwingine kazi ile ile bila kuanza upya. Hii ndiyo faida kubwa ya kutofungwa kwa mtu mmoja.

Lakini kuuliza hadharani kuna adabu yake. Eleza tatizo na ujumbe wa kosa ulioona. Usiweke hadharani funguo za malipo, maneno ya siri wala namba za wateja wako. Kwenye jukwaa rasmi la msaada la WordPress, wanaosaidia hawaruhusiwi kukuomba uwaingize kwenye tovuti yako. Akitokea mtu anayekufuata pembeni akitaka neno la siri "akusaidie haraka", achana naye.

Kumbuka pia majina na namba za simu za wateja ni amana. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, mwenye biashara ana wajibu wa kuzilinda. Chukua zile tu unazohitaji kupeleka mzigo.

Kabla ya kulipa awamu ya mwisho

Keti na fundi, muulizane haya mkiwa na kalamu:

- Jina la tovuti liko kwa barua pepe yangu?
- Nafasi ya tovuti iko kwa akaunti yangu, na inalipiwa tena lini?
- Mimi ni admini? Nimejaribu kuingia mwenyewe?
- Plagini zote zimetoka wapi?
- Nakala ya akiba iko wapi, na nani anajua kuirudisha?
- Tumejaribu bob 10, na imefika kwa till yangu?
- Mkataba ukiisha, funguo zitabadilishwa na nani?

Yakijibiwa yote, mlipe fundi wako pesa yake yote na umshukuru. Likibaki moja, subiri lijibiwe kwanza.

Ukiwa na swali lolote kuhusu till yako, tupigie kwa namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye programu yetu ya simu. Hatutakuuliza PIN, na mtu yeyote anayekuuliza PIN si wetu.