Akili Mnemba na Kazi za Shule: Tuitumie Bila Kuacha Kufikiri



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w), aliyemtukuza mwanadamu kwa akili na elimu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake na maswahaba zake.

Katika somo hili tutazungumzia jambo lililoingia majumbani mwetu kwa haraka sana. Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya Marekani iitwayo OpenAI ilitoa ChatGPT, programu ambayo mtu huiandikia swali nayo ikamjibu kwa maandishi. Tangu hapo zimetoka nyingine nyingi za aina hiyo. Kwa Kiswahili tunaita akili mnemba au akili bandia, na wenzetu wa Kenya huita pia akili unde. Leo mwanafunzi wa Kwamndolwa au wa Handeni hahitaji kompyuta ili aipate. Simu ya mzazi yenye bando inatosha.

Chombo hiki, kama kisu au kalamu, kinaweza kutumika kwa kheri na kwa shari. Kwa hiyo swali letu ni hili: mwanafunzi akishamaliza kukitumia, elimu imebaki kwa nani? Imebaki kichwani mwake, au imebaki ndani ya simu?

1. Mashine hii inafanyaje kazi?

Akili mnemba ya aina hii imelishwa maandishi mengi mno, na kutokana nayo imejifunza neno gani hufuata neno gani. Ukiiuliza, hupanga jibu neno baada ya neno kwa kufuata yale yanayoelekea kufuatana. Ni mfano wa mtu aliyesikia hotuba nyingi mpaka akaweza kuiga mtiririko wake. Maneno yake yatakuwa mazuri, lakini uzuri wa maneno si dalili kwamba anachosema ni kweli.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, mashine inaweza kutunga jambo lisilokuwepo na kulieleza kwa lugha ya uhakika kabisa. Pili, imejifunza zaidi kwa Kiingereza. Kiswahili chake ni kichache kuliko Kiingereza, na Kizigua na Kisambaa ni vichache zaidi. Habari za vijiji vyetu ambazo wazee wanazo na hazijaandikwa, mashine haikuzisikia.

Mfano ulio maarufu ulitokea New York mwaka 2023. Mawakili wawili walipeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi za zamani walizopewa na ChatGPT. Kesi kadhaa kati ya hizo hazikuwahi kuwepo. Mmoja wao alikuwa ameiuliza mashine ileile kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamjibu ndiyo. Mwezi Juni mwaka huo jaji aliwatoza mawakili hao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Hawa walikuwa watu wazima waliosomea sheria. Itakuwaje kwa mtoto wa kidato cha pili?

2. Waislamu tunayo kanuni ya kuhakiki

Kosa la wale mawakili ni kumfanya msemaji awe shahidi wa maneno yake mwenyewe. Katika elimu ya hadithi jambo hilo halikubaliki. Wanachuoni waliuliza: umeipokea kwa nani, naye kaipokea kwa nani? Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, sawa na mwaka 870, alisafiri miji mingi akikusanya hadithi na kuwachunguza wapokezi wake. Hadithi yenye maneno mazuri lakini isiyo na isnadi sahihi haikuingia katika Sahihi yake.

Qur'an nayo inatufundisha hivyo. Katika Suratul-Hujurat (49:6) waumini wanaamrishwa kuichunguza habari iletwayo na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu bila kujua. Katika Suratul-Israa (17:36) tunakatazwa kufuata tusilo na elimu nalo, na tunakumbushwa kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Kwa hiyo tuwe waangalifu zaidi tunapoiuliza mashine mambo ya dini. Inaweza kutaja namba ya aya isiyolingana na maneno yake, au kumnasibishia Mtume (s.a.w) maneno asiyoyasema. Kila mmoja wetu anajua ukubwa wa dhambi ya kumzulia Mtume (s.a.w). Aya ifunguliwe katika msahafu wenyewe, na maana yake itazamwe katika tafsiri inayojulikana, kama ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Hadithi aulizwe ustadhi.

3. Hasara isiyoonekana mapema

Wapo wanaosema, "Ikiwa jibu ni sahihi, tatizo liko wapi?" Tatizo tunaliona katika utafiti uliofanyika Uturuki kwa wanafunzi wa sekondari karibu 1,000 waliokuwa wakisoma hisabati. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani.

Wanafunzi waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi kwa vitabu na daftari tu. Kundi la pili lilitumia akili mnemba ya kawaida inayotoa majibu. Kundi la tatu lilitumia akili mnemba iliyotengenezwa ili itoe vidokezo, siyo jibu. Wakati wa mazoezi, kundi la pili lilipata alama zilizozidi za kundi la kwanza kwa asilimia 48, na kundi la tatu kwa asilimia 127. Kisha simu na kompyuta zikaondolewa, wakapewa mtihani. Kundi la pili likapata alama pungufu ya kundi la kwanza kwa asilimia 17! Kundi la tatu halikupata hasara hiyo, lilikuwa karibu sawa na lile la kwanza. Na wale waliopungukiwa hawakutambua kwamba wamejifunza kidogo.

Hili ndilo la kutuogopesha. Daftari limejaa vema za mwalimu, mzazi amefurahi, na mtoto mwenyewe anaamini anaelewa. Upungufu unaonekana siku ya mtihani wa Kidato cha Nne, ambapo simu hairuhusiwi kuingia, na muda wa kurudi nyuma umekwisha. Baada ya mtihani kuna maisha. Muuguzi, fundi umeme na hakimu hutakiwa kuamua kwa akili zao.

4. Tujifunze kutoka madrasa

Mwanafunzi anayehifadhi Qur'an hukaa mbele ya ustadhi akasoma bila kutazama. Ustadhi hamuulizi kama nyumbani kuna msahafu mzuri au kanda ya msomaji mashuhuri. Humsikiliza yeye. Akikwama, ustadhi mwenye hekima hamsomei sura nzima. Humpa neno moja, kisha humwacha aendelee. Neno lile moja ndilo kidokezo lilichopewa kundi la tatu kule Uturuki.

Basi kanuni yetu iwe hii: tusiiombe mashine itufanyie kazi, bali tuiombe itufanyishe kazi. Badala ya kuandika "nipe jibu", mwanafunzi aandike "nipe kidokezo cha hatua ya kwanza tu", au "niulize maswali matano kuhusu mada hii", au "hii ndiyo njia niliyotumia, nionyeshe nilipokosea".

5. Mfano wa kufanyia kazi

Tuchukulie mwalimu wa historia ametoa swali: "Eleza jinsi mkonge ulivyofika nchini kwetu na mabadiliko ulioyaleta katika Korogwe." Mwanafunzi afuate hatua hizi:

(i) Aandike kwanza anayoyajua mwenyewe bila kitabu wala simu, hata yakiwa mistari mitatu. Mtoto wa Korogwe ameyaona mashamba ya mkonge kwa macho yake.

(ii) Asome kitabu, kisha aiulize mashine pale tu alipokwama.

(iii) Ahakiki kila jina, mwaka na namba. Historia inasema Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika Tanga ikiwa hai mwaka 1893 ni 62 tu. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka huohuo wa 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashine ikitaja namba nyingine, asiipokee wala asiikatae kwa kubahatisha. Atafute kitabu au amuulize mwalimu.

(iv) Aende kwa babu, bibi au jirani aliyewahi kufanya kazi shambani. Amuulize vibarua walitoka wapi, walilipwaje, na bei ya mkonge iliposhuka kwa sababu ya kamba za nailoni maisha yalikuwaje. Majibu hayo hayamo katika simu.

(v) Afunge simu, aandike kwa maneno yake. Kisha amweleze mwenzake bila kusoma. Akishindwa kueleza, bado hajaelewa.

(vi) Mwalimu akiuliza kama alisaidiwa, aseme kweli. Kuandika jina lako juu ya kazi usiyoifanya ni uongo na ni khiyana ya amana, hata kama kazi hiyo ameifanya mashine.

6. Nasaha kwa wazazi

Mzazi hahitaji kujua Kiingereza wala kompyuta ili amsimamie mtoto. Anahitaji swali moja: "Mwanangu, funga daftari, nieleze ulichojifunza leo." Mtoto aliyeelewa ataeleza, hata kwa Kizigua. Aliyenakili atababaika. Pia simu ya kufanyia kazi za shule itumike pale wengine walipo, isiingie chumbani usiku.

Na mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna simu ya aina hiyo asivunjike moyo. Kule Uturuki, waliosoma kwa vitabu na daftari tu waliwashinda katika mtihani wale waliopewa majibu.

Mwisho, tukumbuke kwamba neno algorithimu, linalotaja kanuni zinazoendesha mashine hizi, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Kiislamu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Yeye aliieleza hesabu hatua kwa hatua ili msomaji ajue kwa nini jibu limekuwa hivyo. Tukiacha kuuliza "kwa nini", tutabaki watumiaji tu wa vyombo vya wengine.

Zoezi

1. Taja sababu mbili zinazofanya jibu la akili mnemba lihitaji kuhakikiwa.
2. Kwa nini haitoshi kuiuliza mashine ileile kama jibu lake ni la kweli? Husisha na elimu ya isnadi.
3. Eleza tofauti ya kundi la pili na la tatu katika utafiti wa Uturuki.
4. Chagua swali moja la shule ulilopewa wiki hii. Andika maombi matatu utakayoipa mashine ili ikufanyishe kazi bila kukupa jibu.
5. Muulize mzee mmoja wa mtaani kwenu jambo la historia ya hapa, kisha uiulize mashine jambo hilohilo. Linganisha majibu na uandike ukurasa mmoja.

Tunamuomba Allah (s.w) atuzidishie elimu yenye manufaa na atujaalie kuwa wakweli katika kuitafuta. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.